UVIMBE WA TAYA USIOUMA, NA JINSI TAYA LINAVYOJENGWA UPYA

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya mabwawa ya mchanga, mbuzi wa maziwa na mbegu za ndengu. Leo tunaongea juu ya taya. Sababu yake ni swali tuliloulizwa na kikundi kimoja cha akina mama upande wa kusini wa Kitui, na tukaona si haki jibu libaki kwa watu ishirini peke yao.

Mwanachama wao mmoja, mama wa miaka thelathini na kitu, alikuwa na uvimbe kwenye taya la chini upande wa kushoto. Ulianza kama punje ya njugu. Haukuuma. Jino moja likalegea, akang'olewa kwenye kliniki ya sokoni, kisha jingine likalegea, likang'olewa pia, na uvimbe ukaendelea tu. Miaka sita ikapita. Tulipomkuta ulikuwa kama embe dogo, na alikaa nyuma kabisa ya mkutano, leso ameivuta mpaka puani. Kikundi kilikuwa na pesa za kununua tangi la maji. Wengine walisema pesa zitumike kumpeleka hospitali. Wengine walinyamaza, halafu mama mmoja mzee akasema lile ambalo kila mtu alikuwa akilifikiria: "Sawa, tutoe. Lakini akikatwa taya atarudi na uso wa namna gani? Na atatafuna na nini?"

Ni swali la haki kabisa. Tulikwenda kuwauliza wanaojua, tukasoma, na haya ndiyo tuliyopata.

Uvimbe wenyewe ni nini

Uvimbe wa taya ni wa aina nyingi, na hakuna mtu anayeweza kuutambua kwa macho tu, hata daktari. Lakini ule unaokua polepole kwa miaka, bila maumivu, katika mtu mzima kijana, na sana sana kwenye taya la chini, mara nyingi ni ule ambao madaktari wanauita ameloblastoma. Msiogope jina. Mtoto anapoota meno kuna chembechembe za mwili zenye kazi ya kutengeneza ile ganda nyeupe na ngumu ya jino. Kazi ikiisha zinatakiwa kulala. Kwa watu wachache, masalio ya chembechembe hizo huamka tena ndani ya mfupa na kuanza kukua, bila kutengeneza jino lolote. Hakuna aliyemroga huyo mama, na hakula kitu kibaya.

Uvimbe huu si kansa kwa maana tunayoijua, ile ya kusambaa mpaka kwenye mapafu na ini; hilo hutokea kwa nadra sana. Ubaya wake ni kwamba unakula mfupa. Unatengeneza vyumba vyumba ndani ya taya, na kwenye eksirei mfupa unaonekana kama sega la asali. Wafuga nyuki wetu wataelewa haraka: nje kuna ukuta mwembamba, ndani ni matundu matupu. Ukifika mbali, mfupa unakuwa mwembamba hata ukiubonyeza kwa kidole unasikia kama ganda la yai likipasuka. Na kwa kuwa hauumi, mwenye nao anaendelea kulima na kuchota maji, anasema nitaenda baada ya mavuno. Maumivu yangekuwa rafiki yake hapo.

Wapasuaji wa mdomo, taya na uso wa Chuo Kikuu cha Nairobi, miongoni mwao Profesa Symon Guthua na Profesa Mark Chindia, wameandika juu ya uvimbe wa namna hii kwa miaka mingi. Kwa hiyo si ugonjwa wa ajabu uliompata mtu mmoja wa Kitui. Ukisimama kwenye foleni ya wagonjwa wa taya Nairobi utakuta wenzako wamekaa hapo.

Tukiwa bado hapo, neno moja juu ya watoto, na tunaomba mlishike. Mtoto wa miaka mitano au saba akivimba taya ghafla, kwa siku na wiki badala ya miaka, na meno yakalegea kabla ya wakati wake, hiyo ni habari nyingine kabisa. Inaweza kuwa ule ugonjwa ulioelezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali nani amewaona watoto wa namna hiyo, na ndivyo walivyogundua kwamba ugonjwa unafuata sehemu za joto, mvua na malaria. Ile ni kansa, lakini inatibika kwa dawa za dripu, na taya la mtoto halihitaji kukatwa. Ila haingoji. Unaweza kukua maradufu katika siku chache. Mtoto kama huyo aende hospitali leo, si baada ya kufunga shule.

Kwa nini wakate kipande kizima

Turudi kwa mama yetu. Watu wengi wanauliza, kwa nini daktari asiufungue huo uvimbe, akwangue ndani, afunge? Wapo waliofanyiwa hivyo, na kwa uvimbe wa aina fulani inafaa. Lakini huu wa vyumba vyumba una vijizizi vinavyoingia ndani ya mfupa ambao kwa macho unaonekana mzima. Ukikwangua unaacha vijizizi. Mara nyingi unarudi, pengine baada ya miaka kumi, na safari hiyo ukiwa mkubwa na umeingia mahali pabaya zaidi. Ni kama kukata magugu kwa panga badala ya kung'oa.

Ndiyo sababu wapasuaji wanakata uvimbe pamoja na mpaka wa mfupa mzima, kama sentimita moja au mbili kila upande. Uvimbe wa ukubwa wa njugu ukiutoa hivyo, taya la chini linaweza kubaki limeshikana. Uvimbe wa ukubwa wa embe unaondoka na nusu ya taya. Hapo ndipo shida yenyewe inapoanza, kwa sababu taya si pambo la uso. Ulimi umefungwa kwenye taya kwa mbele. Ukitoa ile sehemu ya kidevu bila kuweka kitu, ulimi unarudi nyuma na unaweza kuziba koo, mate yanatiririka mchana na usiku, midomo haikutani, na maneno hayaeleweki. Ukitoa upande mmoja, upande uliobaki unavutwa kando, meno ya juu na ya chini hayakutani tena. Mama mzee aliyeuliza swali lake alikuwa sahihi: kukata ni nusu tu ya kazi.

Tuseme pia kwamba uvimbe sio njia pekee ya kupoteza taya. Jino bovu lililoachwa bila matibabu linaweza kuozesha mfupa, hasa kwa mwenye kisukari. Kansa ya mdomo huwapata zaidi wanaovuta au kutafuna tumbaku na kunywa pombe kali. Na ajali za bodaboda zinavunja taya kila wiki, usipoongeza mateke ya punda. Taya lililovunjika tu, bila kipande kupotea, hufungwa kwa waya au vyuma vidogo na hupona. Hatuongei juu ya hilo leo.

Mfupa unatoka wapi

Kuna njia kadhaa za kujaza pengo, na mtu anayeenda hospitali aulize atafanyiwa ipi.

Ya kwanza ni bamba la chuma cha titani, linalopindwa kufuata umbo la taya na kufungwa kwa skrubu pande zote mbili. Linashika sura na kuzuia taya lisivutwe kando. Lakini chuma peke yake, bila mfupa, kinachoka. Miaka ikienda kinaweza kuvunjika au kutokeza kupitia ngozi. Kwa hiyo wapasuaji wengi wanalichukua kama nguzo ya kushikilia tu, nyumba inakuja baadaye.

Ya pili ni mfupa wa nyonga. Mtu ana mfupa mnene kwenye nyonga, pale unapofunga mshipi, na kipande chake kinaweza kutolewa bila kumfanya kilema, ingawa atachechemea kwa wiki chache. Njia hii ni ya zamani, ilitumika hata kwa askari waliopigwa risasi za uso katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kipande kinapandikizwa pale taya lilipotoka, na mishipa midogo ya damu ya jirani inaingia ndani yake polepole mpaka kinakuwa hai.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Vikundi vyetu vya Makueni vinavyopanda maembe vinajua kuna namna mbili za kuhamisha mche. Unaweza kuung'oa mizizi ikiwa mitupu ukauchomeka kwenye shimo lenye unyevu. Kama shimo ni zuri na mche ni mdogo, utashika. Mfupa wa nyonga ni mche wa mizizi mitupu. Kwenye pengo dogo, la kama sentimita tano hivi au sita, na nyama ya kutosha kuuzunguka, unashika. Kwenye pengo refu, au mahali pale mate ya mdomo yanapopenya, au ngozi iliyochomwa na mionzi ya matibabu ya kansa, mara nyingi unakauka kabla damu haijafika. Unaoza, unatolewa, na mgonjwa anarudi pale alipoanza na kovu la pili nyongani.

Namna nyingine ni kuhamisha mche pamoja na udongo wake. Hii ndiyo njia ya tatu. Mguuni, kati ya goti na kifundo, kuna mifupa miwili. Muundi ndio unaobeba mwili. Kando yake kwa nje kuna mfupa mwembamba mrefu usiobeba uzito mkubwa. Mpasuaji anaweza kutoa kipande kirefu cha mfupa huo, akiacha ncha ya juu karibu na goti na ncha ya chini kwenye kifundo ili mguu usiyumbe, na anakitoa pamoja na mshipa wake wa damu unaoingia na ule unaotoka, na hata kipande cha ngozi kikihitajika kufunika ndani ya mdomo. Anakikata kama fundi seremala anavyokata mbao za fremu kwenye pembe, anavipanga vipande vifuate umbo la taya, anavifunga kwa vyuma vidogo vya titani. Halafu, chini ya kioo cha kukuza, anashona ile mishipa kwenye mishipa ya shingo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Akiachilia, damu inaingia na mfupa unakuwa hai saa ileile. Hautegemei shimo, umekuja na bomba lake la maji.

Habari ya mfupa huu kuhamishwa kwa njia hiyo nchini Australia iliandikwa mwaka 1975. Mwaka 1989 daktari mmoja wa New York, David Hidalgo, akaandika jinsi alivyoutumia kujenga taya. Unaweza kutoa zaidi ya sentimita ishirini, zinazotosha karibu taya zima la chini.

Lakini si mchezo. Operesheni yenyewe inaweza kuchukua saa nane mpaka kumi na mbili, timu mbili zikifanya kazi pamoja, moja mdomoni na moja mguuni. Baada ya hapo wauguzi wanaangalia rangi ya ile ngozi kila saa, usiku na mchana, kwa siku mbili tatu za kwanza. Ikigeuka buluu au ikapauka, mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji mara moja, kwa sababu mshipa umeziba. Inahitaji wapasuaji waliofundishwa hasa kazi hiyo, vifaa, kitanda cha wagonjwa mahututi na damu. Haipatikani kila mahali wala kila wiki.

Mmeona basi kwa nini tunasema ukubwa ndio mambo yote. Mama huyu angeenda mwaka wa kwanza, pengine angehitaji operesheni ndogo tu. Angeenda mwaka wa tatu, pengine mfupa wa nyonga ungetosha. Mwaka wa sita ni mguu, saa kumi, na foleni ndefu. Kila mwaka wa kungoja unamhamisha mtu kutoka njia rahisi kwenda njia ngumu.

Taya la juu lina hadithi yake fupi. Likikatwa, mdomo na pua vinakuwa chumba kimoja, chakula kinatokea puani na sauti inatoka kama ya mtu aliyebana pua. Hapo mara nyingi dawa ni meno bandia yaliyotengenezwa na kizibo juu yake, kinachofunga lile tundu. Mtu anakivaa asubuhi na kukitoa usiku kukisafisha. Tumesikia watu wakikidharau, ati ni plastiki tu. Plastiki hiyo inamfanya mtu anywe chai mbele ya wageni.

Mji usiokodoa macho

Turuhusuni tutoke kidogo nje ya njia, kwa sababu habari hii ilitugusa na inaishia kwetu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Archibald McIndoe, alikuwa akitibu wanajeshi wa ndege walioungua nyuso na mikono, katika mji mdogo wa Uingereza uitwao East Grinstead. Alishona nyuso, lakini aliona kwamba mtu anaweza kupona ngozi na kufa moyo. Basi akawaendea wenyeji wa mji, akawaomba wawaalike wagonjwa majumbani na kwenye maduka, wasiwakwepe wala kuwakodolea macho. Wenyeji wakakubali, na mji ule ukajulikana kwa jina hilo, mji usiokodoa macho. Wagonjwa wenyewe walianzisha chama chao mwaka 1941, na kwa kujicheka wakakiita kwa jina la yule mnyama mdogo anayefanyiwa majaribio na wanasayansi. Kilikuwa kikundi cha kujisaidia kama vyenu.

McIndoe huyohuyo, pamoja na Michael Wood aliyekuwa mpasuaji hapa Kenya na Tom Rees wa Marekani, ndio walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1957, ile tuliyoijua baadaye kwa jina la AMREF. Wazee wa Kibwezi wanaikumbuka, maana katika miaka ya 1980 iliwafundisha wahudumu wa afya wa vijiji kule.

Tulisimulia habari hii kwenye ule mkutano. Hatukusema zaidi. Mama yetu wa leso alibaki nyuma, lakini mwenyekiti aliondoka kiti chake cha mbele, akaenda kukaa karibu naye, akamwambia tu, "Mwaitu, sogea huku." Mkutano ukaendelea.

Safari na pesa

Anzia zahanati au hospitali iliyo karibu, iwe Mutomo, Muthale, Makindu au nyingine, ukamwone daktari wa meno. Omba uangaliwe, sio kung'olewa jino tu. Jino likilegea bila kuoza, kuna kitu chini yake. Kutoka hapo ni hospitali kubwa ya kaunti, Kitui mjini au Wote, kwa eksirei ya taya zima na kukatwa kipande kidogo kinachopelekwa maabara. Bila jibu la maabara, msikubali mtu akatwe taya. Likithibitika, mnapewa barua ya rufaa, na mara nyingi ni Hospitali ya Kenyatta, ambapo wapasuaji wa chuo kikuu wanafanya kazi. Eksirei na karatasi ya maabara zisafiri na mgonjwa, zimefungwa kwenye nailoni. Tumeona watu wakirudia vipimo vyote kwa sababu karatasi zilibaki kwenye sanduku nyumbani.

Juu ya malipo, mambo yamebadilika. NHIF haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile watu wanaiita SHA. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira anapimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Hapa kikundi kina kazi ya maana. Mtu mmoja kupata 3,600 kwa siku moja ni shida. Kikundi kukopesha na kurudishiwa 300 kila mkutano si shida. Ila msilipe mgonjwa akiwa tayari mlangoni halafu mkadhani yameisha. Operesheni kubwa ina kiwango cha malipo kilichowekwa, na vyuma vya titani vinaweza kubaki juu yenu. Ulizeni ofisi ya malipo ya hospitali kabla ya kulazwa, mwandikiwe.

Makueni walikuwa mbele ya wengine. Mwaka 2016 kaunti ilianzisha mpango wake wa shilingi 500 kwa nyumba kwa mwaka. Lakini ule ulikuwa wa hospitali za kaunti, na taya hujengwa nje ya kaunti, kwa hiyo mtu asitegemee kadi ya zamani.

Kuna kitu ambacho pesa hazinunui, nacho ni damu. Operesheni ndefu inahitaji damu, na hospitali huomba ndugu na marafiki waje kuchangia. Hapa tunakiri kosa letu. Miaka ya nyuma tulisaidia familia moja kupeleka kijana wao, tukahesabu nauli, kitanda na dawa, tukasahau damu. Tarehe yake ikafika, hakukuwa na wachangiaji, operesheni ikasogezwa. Kijana alikaa miezi mingine akiwa na uvimbe wake, na sisi tulikuwa tumeandika bajeti nzuri sana. Sasa tunasema: kabla ya kuhesabu shilingi, hesabuni mikono. Watu sita wazima wenye afya, wako tayari kupanda gari kwenda Nairobi?

Baada ya kurudi nyumbani

Mgonjwa anaweza kurudi akiwa na mpira wa kulishia puani, na mguu au nyonga yenye kidonda. Hapo ndipo harambee nyingi huwa zimeshakwisha. Mtu amelipiwa operesheni kubwa kabisa, halafu anadhoofika nyumbani kwa kukosa chakula laini. Tungependa kikundi kiweke akiba ya miezi mitatu ya chakula kabla mgonjwa hajaondoka.

Chakula kiwe cha maji lakini kizito kwa nguvu: uji wa wimbi wenye maziwa, supu ya ndengu au maharagwe iliyopondwa na kuchujwa, mayai, parachichi lililopondwa, maembe yaliyoiva. Mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Anayelishwa kwa mpira akae wima, si kulala, na mpira usafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa kila baada ya kulishwa. Akianza kukohoa au kupaliwa, acheni, mpira umehama, arudi kliniki. Kama meno yamefungwa kwa waya, mkasi wa kukata waya ukae karibu na kitanda usiku na mchana, na mtu wa nyumbani aonyeshwe hospitalini ni wapi pa kukata akitapika.

Mdomo usukutuliwe kila baada ya chakula kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe. Sigara na ugoro marufuku kabisa, maana tumbaku inabana ile mishipa midogo iliyoshonwa kwa shida. Usaha, harufu mbaya, homa, damu isiyokoma au chuma kikionekana, ni kurudi hospitali siku hiyohiyo. Akishindwa kupumua, msingoje hata saa. Na zoezi la kufungua mdomo lifanywe kila siku kama alivyoelekezwa, hata likiuma, la sivyo mdomo unaganda na haufunguki zaidi ya upana wa kidole kimoja.

Halafu kuna kurudi kuangaliwa, kwa miaka mingi. Uvimbe huu unajua kungoja. Mtu akisema amepona hana haja ya kwenda tena, kikundi kimlipie nauli na kumsindikiza.

Mama yetu wa kusini ya Kitui alikwenda. Tangi halikununuliwa mwaka ule. Walimjengea taya kwa mfupa wa mguu, alikaa hospitali wiki tatu na zaidi, na leo anatembea kwenda kisimani bila fimbo. Uso wake haukurudi vilevile. Kuna kovu chini ya taya, upande mmoja umekaa chini kidogo kuliko mwingine, na mdomo wa chini upande ule hauna hisia, kwa sababu mshipa wa fahamu ulikwenda na uvimbe. Leso anaifunga kiunoni siku hizi.

Swali la pili la yule mama mzee lilikuwa la kutafuna, na hatuwezi kulikwepa. Meno ya bandia huwekwa baada ya mfupa kushika vizuri, kwa kawaida miezi sita au zaidi. Ya kuvaa na kuvua ni ya bei nafuu lakini huteleza kwenye taya lililojengwa. Ya kupigiliwa ndani ya mfupa kwa skrubu yanashika vizuri, ila bei yake ni kubwa. Mama yetu bado hana yoyote. Anatafuna upande wa kulia: ugali, mboga, nyama iliyoiva sana. Muthokoi anasagiwa kidogo kwanza na binti yake, na anasema ladha ni ileile.